Kilwa ilianzishwa na Mshirazi: nani kasema?

Ingia mtandaoni utafute historia ya Kilwa. Tovuti ya kwanza itakwambia mji ulianzishwa karne ya 10 na Ali bin al-Hasan, mwana wa mfalme kutoka Shiraz. Ya pili hivyo hivyo. Ukifika ya kumi unajisemea: hawa wote hawawezi kukosea!

Jamani, hapo ndipo tunapoingizwa mjini. Katika kazi yangu ya uandishi wa habari, swali la mhariri ni moja kila siku: nani kasema? Nikalipeleka Kilwa.

Ukifuatilia, mashahidi kumi wanabaki wawili. Mmoja ni Mreno João de Barros, aliyechapisha habari za Kilwa mwaka 1552. Wa pili ni muswada wa Kiarabu, ambao nakala yake iliyoko London iliandikwa Zanzibar mwaka 1877. Na hao wawili nao wanasimulia habari ya ukoo ule ule wa watawala, iliyoandikwa karne kadhaa baada ya Ali. Mtawala akieleza asili yake, ana sababu ya kuipamba.

Na ardhi je, inasemaje? Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, akakuta watu walikuwa wakiishi pale kabla ya Washirazi. Ali mwenyewe akamweka mwishoni mwa karne ya 12. Halafu mwaka 1984 sarafu zenye jina la Ali zikapatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, pamoja na dinari za Kifatimi. Ali akarudishwa hadi karne ya 11. Mtaalamu kasahihishwa, na sababu iko wazi kwa yeyote anayetaka kuikagua.

Msinielewe vibaya. Mwaka 2023 utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani ulionyesha kuwa damu ya Uajemi imo, ikichanganyika na ya Kiafrika tangu mwaka 1000 hivi. Kwa hiyo simulizi ina ukweli ndani yake. Ila wakoloni waliitumia kudai kwamba Mwafrika hakujenga kuta zile, na tovuti inayoinakili bila kutaja chanzo inawasaidia bado, hata kama haijui.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukikuta ukurasa unakutajia mwaka bila kusema umepatikanaje, uweke kando kwanza. Tafuta ule unaokuonyesha njia.