Sehemu ya 7: Karatasi ambayo mama hakuwahi kuisoma

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa matatu tu, nikaona niandike kabla sijasahau. Sehemu zilizopita tumeongea kadi ya kliniki, chanjo na cheti cha kuzaliwa. Leo ni karatasi nyingine ambayo wengi wetu hatujawahi kuishika mkononi: hukumu ya mahakama.

Naanza na nyumbani kwetu. Mama aliachana na baba mwaka 1994, tukiishi Mbagala. Mimi nilikuwa na miaka sita. Shauri lilikuwa mahakama ya mwanzo. Siku ya kusomwa hukumu mama hakwenda, maana mdogo wangu alikuwa amelazwa na malaria na bado ananyonya. Jioni ndugu wa upande wa baba wakaleta habari kwa mdomo: "Mahakama imesema huna chako pale." Mama akabeba godoro, ndoo na sisi watoto watatu, tukahamia chumba kimoja Tandika. Hakuuliza tena. Zaidi ya miaka ishirini tuliishi na maneno hayo.

Sasa sisi manesi tunafundishwa kitu kimoja tangu chuoni: ambalo halijaandikwa halijafanyika. Siku moja nikajiuliza, hivi yale maneno ya mahakama yameandikwa wapi? Ndipo nilipoanza kusoma historia ya mahakama zetu. Nawasimulia kwa kifupi, halafu nitawaambia nilichokuta.

Enzi za Mwingereza, watu weusi tulikuwa na mahakama zetu za pembeni, zilizowekwa na sheria ya mwaka 1929. Liwali au jumbe ndiye aliyeamua, karani anaandika. Usiporidhika, rufaa yako haikwenda Mahakama Kuu. Ilikwenda kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, mpaka kwa Gavana. Yaani anayekutawala ndiye huyo huyo anayekuamua.

Baada ya uhuru, mwaka 1963 Bunge lilitunga sheria ya mahakama za mahakimu. Watu wote wakaingia kwenye ngazi moja: mahakama ya mwanzo, ya wilaya, hadi Mahakama Kuu. Mwaka 1979 ikaongezwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Mahakama ya mwanzo iliendesha mambo yake kwa Kiswahili. Huko juu, hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Lishike hilo, tutalirudia.

Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 114 kinasema ndoa ikivunjika, mahakama inaweza kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikiangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Sawa. Lakini kazi ni ipi? Kupika, kufua, kuchota maji, kulea, ni kazi au ni wajibu tu wa mke? Majaji wenyewe hawakukubaliana, huyu akisema hivi na yule vile.

Jibu lilitoka kwa mwanamke wa hapa hapa Dar. Bi Hawa Mohamed alidai sehemu ya mali baada ya ndoa yake na Ally Sefu kuvunjika mwaka 1980. Mahakama ya mwanzo ilimwona ni mke tu, na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume, basi hana fungu. Mahakama Kuu nayo ikamkatalia. Hakukata tamaa, akapanda hadi Mahakama ya Rufani. Mwaka 1983 majaji, wakiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, wakatamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa.

Ila sikia na upande wa pili, maana watu wengi hawausimulii. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Majaji waliona mume alishampa fedha za kufanyia biashara wakati wa ndoa, na hizo zikahesabiwa. Akashinda hoja, akakosa mali. Lakini kwa sababu hukumu ile iliandikwa na kutunzwa, wanawake waliokuja baada yake wakaisimamia. Mpaka leo inatajwa mahakamani karibu kila mali ya ndoa inapogawanywa.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mabinti zetu. Sheria hiyo hiyo ya 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana anasubiri 18. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alifungua shauri Mahakama Kuu Dar es Salaam, na vifungu hivyo vikaonekana vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono Rebeca. Mimi niliyewahi kumpokea leba binti wa miaka 15 niliisoma hukumu ile taratibu, kurasa zote.

Mwaka 2021 mambo mawili yalitokea. Sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama kwa ngazi zote. Na vikazinduliwa vituo jumuishi vya utoaji haki, Kinondoni kimoja na Temeke kimoja. Cha Temeke ni maalumu kwa mambo ya familia: ndoa, talaka, mirathi. Mahakama ya mwanzo mpaka Mahakama Kuu zipo jengo moja. Mama wa Mbagala mwenye mtoto mgongoni hazungushwi tena mji mzima.

Haya, sasa wewe unapataje karatasi yako?

Kwanza, jua mahakama iliyosikiliza. Faili hukaa masijala ya mahakama hiyo, halikai kwa mwenyekiti wa mtaa wala kwa shemeji.

Pili, tafuta namba ya shauri na mwaka wake. Angalia hati ya wito au risiti yoyote ya zamani. Huna? Nenda na majina kamili ya wahusika na mwaka, karani atatafuta kwenye rejista.

Tatu, andika barua fupi kwa hakimu mfawidhi: wewe ni nani, shauri lipi, unaomba nakala ya hukumu au ya mwenendo mzima. Kama hukuwa mhusika, eleza sababu yako. Omba nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri. Ukiambiwa kuna malipo, omba namba ya malipo ya serikali na udai risiti. Usimpe mtu hela mkononi.

Nne, fanya haraka. Rufaa ina siku zake na zinahesabika. Kama kidonda, ukikaa nacho kinaharibika.

Hukumu za Mahakama Kuu na Rufani zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, hata kwa simu. Nyaraka za serikali zilizofikisha miaka 30, ambazo hazijazuiwa, utaziulizia Nyaraka za Taifa, Upanga. Na siyo kila faili liko wazi: mashauri ya watoto yana ulinzi wake, na ni vizuri iwe hivyo.

Sasa narudi kwa mama. Mwaka 2018 nilikwenda mahakamani mara tatu. Mara ya kwanza sikuwa na namba. Mara ya pili karani alifungua rejista ya 1994, kidole kikashuka mstari kwa mstari mpaka kwenye jina la mama. Mara ya tatu nikatoka na nakala. Kurasa nne, Kiswahili, mwandiko wa mkono.

Hakimu alikuwa ameandika kwamba mama alipika, alilea, na aliuza maandazi wakati tofali zinanunuliwa. Akampa robo ya thamani ya nyumba.

Robo, jamani. Siyo "huna chako".

Baba alikuwa ameshafariki, nyumba imeshauzwa, mnunuzi naye hana kosa. Hatukupata hata shilingi. Nilimsomea mama tukiwa tumekaa kwenye mkeka, mdogo wangu yule wa malaria akiwa pembeni, sasa ni baba wa watoto wawili. Mama alinyamaza sana. Kisha akasema, "Kumbe walinihesabu." Akaniambia nirudie pale penye maandazi.

Kwa hiyo mama, kama una shauri, au mama yako aliwahi kuwa nalo, usikubali kuletewa hukumu kwa mdomo. Nenda ukaichukue, uisome mwenyewe.

Sehemu ya 8 tutaongea mirathi: mume akifariki, wiki ya kwanza unaweka karatasi gani mahali salama. Mtumie mwenzako anayehitaji hii. Mimi narudi kulala.