Kalamu na Sauti: Tamthilia za Runinga kutoka Barabara ya Harry Thuku hadi Kilimani

Apitaye katika Barabara ya Harry Thuku jijini Nairobi, pale ambapo Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho, uliofunguliwa mwaka 1952, umeielekea Hoteli ya Norfolk na kuwa jirani ya nyumba ya utangazaji wa serikali, huenda asitambue kwamba katika masafa hayo mafupi ndimo ilimolelewa sanaa ya tamthilia ya runinga nchini Kenya. Runinga ilianza mwaka 1962, na kwa kuwa Sauti ya Kenya, shirika hilo la serikali lililogeuzwa KBC mwaka 1989, haikuwa na jamii ya waandishi wa kudumu, iliwategemea watu wa jukwaani. Walikuwapo wachache wa kalamu, mathalan marehemu Francis Imbuga, aliyeitungia runinga michezo na kuicheza mwenyewe. Walakini ada iliyotawala ilikuwa nyingine.

Katika vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, aghalabu mwigizaji alipewa kisa na mpango wake, kisha maneno akayazua mwenyewe mbele ya kamera, hata ikawa kuuliza ni nani aliyeiandika michezo hiyo ni sawa na kuuliza ni nani aliyeicheza. Shahidi wangu ni Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang', aliyefariki Julai 2015: Mkikuyu aliyeishika lafudhi ya mzee wa Kijaluo kwa ustadi hata watazamaji wengi wasishuku asili yake, na akishindana na Mama Kayai, ambaye ni Mary Khavere, kisa chenyewe kilikuwa hafifu mno, pengine ugomvi wa fedha tu au wa mgeni asiyetarajiwa, ilhali raha yote ilikuwa katika kigugumizi cha makusudi, katika ghadhabu iliyochelewa, na katika neno lililowekwa mahali pasipolitazamia. Hakuna mswada uwezao kuyaandika hayo.

Baada ya runinga ya KTN kuanza mwaka 1990, na hasa runinga ya Citizen ilipokwisha kujistawisha kwenye Barabara ya Maalim Juma huko Kilimani, sanaa ilihamia upande wa magharibi wa jiji, nayo kalamu ikapata hadhi. Tamthilia ya Papa Shirandula ni daraja baina ya zama hizo mbili. Bawabu anayemdanganya mkewe kwamba ni mtu wa ofisini, na kuondoka nyumbani amevaa suti, ni wazo la mtunzi hasa, kwani uongo mmoja umetosha kubeba miaka na miaka ya visa. Na Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliuvaa uongo ule mwili mzima, mpaka pumzi zake zikawa sehemu ya hadithi. Makutano Junction ya shirika la Mediae ilikwenda njia nyingine, ikitia mafunzo ya kilimo na afya ndani ya kisa. Sifa zake nazikubali, ingawa mara kwa mara mhusika husimama akahutubu.

Zikaja kampuni za watayarishaji binafsi: Spielworks ya Dorothy Ghettuba na tamthilia yake Lies That Bind, kisha Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, ambao Maria yao ya mwaka 2019 ilirudisha Kiswahili sebuleni kila jioni. Mwaka 2021 Showmax ilitoa Crime and Justice, ambamo Sarah Hassan, aliyejulikana kwanza katika Tahidi High, anaigiza mpelelezi Makena kwa kunyamaza zaidi kuliko kusema. Hili ni jambo ambalo watu wa Vitimbi, waliolazimika kuijaza kila dakika kwa maneno yao wenyewe, hawakupata nafasi ya kulijaribu. Mwigizaji huthubutu kunyamaza anapojua kwamba mtunzi amekwisha kumfanyia kazi.

Country Queen, iliyotoka Netflix Julai 2022 kwa vipindi sita, imetungwa kwa mikono mingi ya Wakenya na Wajerumani. Kisa cha Akisa, anayechezwa na Melissa Kiplagat, anayetoka Nairobi kurudi kijijini kwao na kukuta kampuni ya madini inataka ardhi, kimefungamana barabara kuliko chochote kilichowahi kutoka Harry Thuku. Lakini mazungumzo yake mahali pengine yanasikika kama yaliyohifadhiwa kwa moyo jana usiku, na hapo ndipo nimtamanipo Ojwang' aingie bila kubisha hodi, aharibu mswada wote.