Vibonzo vya wino ni kumbukumbu ya usiku wa jiji

KIBONZO cha wino kinachoonyesha starehe za usiku katika mkahawa wa kifahari huchukuliwa na wengi kuwa mzaha mtupu. Hata hivyo, mchoro wa aina hiyo huhifadhi mambo ambayo ni nadra kuandikwa katika taarifa za habari: nani aliketi meza ya mbele, alivaa nini, na nani alisimama kando akingoja kuhudumu.

Jadi hii ilishamiri jijini Paris, Ufaransa. Huko, Georges Goursat (1863-1934), aliyejulikana zaidi kwa jina Sem, aliwachora kwa kejeli wateja matajiri wa mkahawa wa Maxim's, uliofunguliwa mwaka wa 1893.

Nchini Kenya, mfano unaokaribiana na huo ni jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 1973 na mwanahabari Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst, Mwingereza aliyewahi kufunza sanaa katika Chuo cha Kenyatta. Joe mwenyewe alikuwa mwananchi wa kawaida, anayekabiliana na maisha ya jiji kwa kicheko. Jarida hilo lilichapishwa hadi mwaka wa 1979.

Wachoraji walipendelea wino mweusi kwa kuwa mistari yake huonekana wazi hata ikichapishwa kwenye karatasi duni. Wino wenye kaboni haupauki upesi. Kinachoangamia ni karatasi: ile ya bei nafuu huwa na asidi inayoifanya igeuke manjano na kuvunjika, nao unyevu huzalisha kuvu.

Hatari hii ni kubwa zaidi katika maeneo ya mvua nyingi kama vile Isecheno, katika msitu wa Kakamega. Mwenye majarida ya zamani asiyaweke sakafuni wala kuyaegemeza ukutani. Ayalaze ndani ya sanduku, mahali pakavu pasipofikiwa na jua, na asizibe palipochanika kwa utepe wa gundi. Ni vyema pia kuyapiga picha mapema.

Hirst alifariki mwaka wa 2015, naye Ng'weno akaaga dunia mwaka wa 2021. Nakala zilizosalia majumbani zikioza, vizazi vijavyo vitasoma hotuba za viongozi wa enzi hiyo bila kujua raia walicheka nini baada ya jua kutua.