Nani Humchagua Diwani Wetu?

Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kabla miezi miwili haijapita, watu wa Nyeri, mji alikohukumiwa, waliitwa kupiga kura. Ndiyo, kura. Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua kwa mara ya kwanza wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, viti vinane nchi nzima, na ukisoma masharti yake unaweza kudhani ni utani. Elimu ilikupa kura. Mshahara au mali ilikupa nyingine. Utumishi wa miaka mingi au nishani ya serikali pia ilihesabiwa, na mtu mmoja aliweza kufikisha kura tatu. Lakini kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kulikuwa na mlango mwingine kabla ya hiyo yote: cheti cha utiifu. Kama huna karatasi ya kuthibitisha kwamba hukuwa upande wa Mau Mau, ulikuwa sufuri, hata kama ulisoma Makerere.

Mkoa wa Kati ulichukuliwa na Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru. Alimwangusha Eliud Mathu wa Kiambu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika baraza hilo, mwaka wa 1944. Sitaki kumvunjia Mate heshima. Lakini Nyeri, Murang'a na Kiambu ndiko watu wengi walikuwa kizuizini au hawana cheti, na Meru ndiko vyeti vilipatikana kwa wepesi zaidi. Kazi kubwa ilikuwa imeshafanywa na orodha ya wapiga kura, kabla ya sanduku lolote kufunguliwa.

Nimeanzia mbali hivyo kwa sababu siku hizi kila stejini, kuanzia Nyeri hadi Nanyuki, watu wanaulizana tutaunga nani mkono 2027, na wanamaanisha rais. Mimi nauliza kuhusu wadi. Rware, Ruring'u, Gatitu/Muruguru, Kamakwa/Mukaro, Kiganjo/Mathari: wadi tano za Nyeri Mjini. Huyo mtu mmoja wa wadi yako, unamchagua kwa kuangalia nini?

Mabaraza yenyewe si mapya. Mabaraza ya wenyeji yaliundwa miaka ya 1920, ila mwenyekiti alikuwa DC, kwa hivyo unajua nani alikuwa na neno la mwisho. Baada ya uhuru madiwani walipata meno kidogo: shule za msingi, zahanati, barabara. Halafu ikaja sheria ya 1969, na kuanzia 1970 mabaraza ya kaunti yakanyang'anywa kazi hizo zote tatu, zikarudi Nairobi. Diwani akabaki na soko, leseni, kaburi na choo cha stendi. Wazee wakikuambia diwani alikuwa mtu wa kununua chai, usiwacheke. Kiti chenyewe kilikuwa kimekamuliwa.

Na hata hicho kiti kikavu hukukipigia kura kwa siri. Mwaka wa 1988 KANU, chama pekee kilichokubaliwa na sheria, ilifanya mchujo kwa mlolongo. Unasimama nyuma ya mgombea wako au nyuma ya picha yake, mchana kweupe, chifu anaangalia, mwenye nyumba unayopanga anaangalia, na yule anayekuuzia mbegu kwa mkopo anaangalia. Mgombea ubunge akipata asilimia 70 ya foleni, ameshapita, hakuna haja ya kura ya siri. Nchi nzima kuna watu walioshuhudia foleni fupi ikitangazwa ndefu. Mlolongo ulifutwa Desemba 1990, lakini nadhani ulituachia tabia: kuangalia wengine wamesimama wapi kabla ya kuinua mguu.

Ndipo ikaja suti. Desemba 1992, vyama vingi vimerudi, Nyeri ilimpa Kibaki na DP viti vyote vya ubunge. Murang'a ikaenda na Matiba na FORD-Asili. KANU haikupata kiti hata kimoja katika Mkoa wa Kati. Koti, fulana na suruali: rais, mbunge, diwani, wote kitambaa kimoja. Wengi wa rika langu huona huo ulikuwa ukondoo. Mimi sikubali. Kwa watu waliokuwa wamepangwa foleni miaka minne tu nyuma, kupiga suti kulikuwa njia ya kusema hatutaki, kwa sauti ambayo haingeibwa kirahisi.

Shida ni kwamba hiyo suti tumeendelea kuivaa wakati diwani amebadilika kabisa. Tangu Machi 2013 tuna MCA, na MCA si mtu wa choo cha stendi. Anapitisha bajeti ya kaunti. Anaweza kumng'oa gavana. Mwaka wa 2016 bunge la kaunti ya Nyeri lilipiga kura kumwondoa Nderitu Gachagua, Seneti ikamwokoa. Na huyo Gachagua, kumbuka, alichaguliwa 2013 kwa tiketi ya GNU, si TNA iliyokuwa ikivuma mlima mzima. Kwa hivyo tukitaka tunaweza kuvua koti.

Meru 2022 ndiyo hadithi ninayoirudia kila mtu akiniambia MCA ni kura ya kutupa. Wapiga kura walimchagua Kawira Mwangaza kuwa gavana, mgombea huru, akiwashinda Mithika Linturi wa UDA na gavana Kiraitu Murungi. Karatasi ya buluu waliifikiria. Kisha wakajaza bunge lenye wadi 45 kwa watu ambao wengi walitoka vyama alivyovishinda. Miezi minne haikuisha, hoja ya kwanza ya kumwondoa ikapita. Ikaja ya pili 2023, ya tatu Agosti 2024, na hiyo Seneti ikaikubali. Machi 2025 Mahakama Kuu ikasema sawa. Uwe ulimpenda Kawira au hukumpenda, waliomtoa ni wale wa karatasi ya mwisho, ile ya rangi ya maziwa, ambayo mtu huijaza akishachoka na foleni.

Nyeri wakati huo ilipiga suti safi: gavana na wabunge wote sita, UDA. Leo Rigathi Gachagua, aliyeondolewa umakamu wa rais Oktoba 2024, ana chama chake, DCP, na washona nguo wameshaanza kutupima mabega upya.

Mimi mwenyewe naangalia vitu vidogo. Aliye kitini: bajeti ilipokuja, alipigania nini kwa wadi yetu, na kilijengwa? Anayetaka kiti: tiketi aliipataje, kwa mchujo au kwa simu? Kumbukumbu za vikao vya bunge la kaunti ni za umma. Unaweza kujua ndani ya saa moja kama mtu wako aliwahi kufungua mdomo. Kisha kuna mchujo, ambapo kwenye mlima huu kiti cha wadi mara nyingi huisha miezi kabla ya Agosti, vijana wengi wakiwa hawajui hata ulifanyika lini. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Mchujo utakuwa mapema kuliko hapo.