Nani Ainame? Meli Kubwa za Kitalii na Mamlaka ya Bandari Zinazozipokea

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano kati ya meli kubwa kabisa za kitalii na bandari zinazozipokea. Kwa kuutazama mji wa Falmouth nchini Jamaika na kuulinganisha na Miami, Venice na Juneau, makala inadai kuwa uwezo wa bandari kupokea meli hizi haupimwi kwa kina cha maji wala urefu wa gati peke yake. Unapimwa kwa mamlaka waliyonayo wenyeji ya kuweka masharti mapema na kuyasimamia. Mwishoni makala inaeleza hoja hiyo inaihusu vipi pwani ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2009, meli mpya iitwayo Oasis of the Seas ilikuwa ikitoka Bahari ya Baltiki, ilikoundwa katika karakana ya Turku, Finland. Mbele yake palikuwa na daraja la Storebælt la Denmark, ambalo kutoka usawa wa bahari linaacha nafasi ya mita 65. Meli hiyo ina kimo cha mita 72 juu ya maji. Wasanifu walilijua jambo hilo tangu ikiwa michoro, wakaiwekea mabomba ya moshi yanayoweza kushushwa. Usiku ule mabomba yalishushwa, kisha meli ikaongezewa mwendo, kwa sababu chombo kikubwa kikienda kasi katika maji ya kina kifupi hudidimia kidogo. Ikapita chini ya daraja kwa nafasi isiyofika mita moja.

Daraja halikuinama, meli ndiyo iliyoinama. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, Machi 2011, meli hiyohiyo ilifika Falmouth, na huko mambo yalikuwa kinyume. Meli ilibaki vilevile, na nchi ndiyo iliyokuwa imeinama: sakafu ya bahari ilichimbwa, matumbawe yakahamishwa, na gati likajengwa kwa kipimo cha meli ambazo mji haukuwahi kuziagiza.

Tukio la kwanza hutajwa kama ufundi wa kihandisi na la pili kama maendeleo. Mimi nayaona yote mawili kuwa majibu ya swali moja: meli na nchi zinapokutana, nani ainame? Msimamo wangu ni kwamba ainamaye si mdogo kwa umbo. Huinama yule ambaye mipaka yake haikuwekwa wazi kabla mwenzake hajaanza kujenga.

2. Ukubwa unadai nini kwa bandari

Tani zinazotajwa kwa meli za abiria hupima ujazo wa ndani, si uzito. Titanic, iliyozama 1912, ilikuwa na tani 46,328. Oasis ilipozinduliwa ilikuwa na tani 225,282. Icon of the Seas, iliyofanya safari yake ya kwanza kutoka Miami Januari 2024, ina tani 248,663, urefu wa mita 365, deki 20, nafasi ya abiria hadi 7,600 na wafanyakazi 2,350. Ikijaa, chombo kimoja kinabeba karibu watu 10,000.

Wengi hudhani kikwazo kikuu cha meli kama hizi ni kina cha maji. Sivyo. Oasis huzama majini kwa mita 9 na kidogo tu, wakati meli kubwa za makontena zenye shehena kamili hufikia mita 16. Bandari nyingi za mizigo zina kina cha kuitosha. Kikwazo chake kikubwa ni upepo. Ubavu wa meli hii ni ukuta wa chuma na vioo wenye urefu wa mita zaidi ya 360 na kimo cha jengo la ghorofa nyingi, na upepo unaupiga kama unavyolipiga tanga. Nahodha wa jahazi akiona kusi limechachamaa hutua tanga. Nahodha wa meli hii hana tanga la kutua, kwa hiyo hushindana na upepo kwa nguvu za mitambo: injini tatu za nyuma zinazogeuka pande zote, kila moja ya megawati 20, na mapangaboi manne ya mbele ya kuisukuma ubavuni, kila moja ya megawati 5.5.

Gharama ya nchi kavu huanzia hapo. Maji yanayosukumwa na mapangaboi hayo huchimbua sakafu ya bahari na kula misingi ya gati, kwa hiyo mahali pa kufungia panahitaji kuimarishwa. Nguzo za kufungia kamba lazima zihimili mvuto wa ukuta ule upepo unapovuma. Panatakiwa eneo pana la kugeuzia. Baada ya hayo huja watu: maelfu wanaoshuka kwa saa chache za asubuhi, wote wakihitaji basi, choo, maji, kivuli na njia ya kurudi kabla ngazi hazijaondolewa. Ukubwa unaompunguzia mwenye meli gharama kwa kila abiria unamwongezea mwenye bandari gharama kwa kila saa.

3. Bandari ya kuanzia na bandari ya kupitia

Si bandari zote zinazoumia kwa gharama hiyo. Lazima tutofautishe bandari ambako safari huanza na kuishia, na bandari ambako meli hutia nanga kwa saa chache na kuendelea. Florida ni mfano wa aina ya kwanza. Port Everglades ilifungua jengo la abiria kwa ajili ya meli za daraja la Oasis mwaka 2009, na Miami ikafuata mwaka 2018 na jengo jingine. Galveston, Texas, ilizindua la kwake mwaka 2022 kwa dola milioni 125. Kwenye bandari za namna hii abiria hufika kwa ndege, hulala hotelini na hula mjini. Meli nayo hununua mafuta na chakula cha juma zima. Gati hurudisha fedha yake, na bandari ina sauti mezani.

Falmouth ni bandari ya aina ya pili. Mji huu ulianzishwa mwaka 1769 na ukatajirika kwa sukari iliyozalishwa kwa jasho la Waafrika waliotumikishwa utumwani. Utumwa ulipokomeshwa katika miaka ya 1830, biashara yake ilififia, na kufifia huko ndiko kulikoziacha nyumba nyingi za kale zikiwa zimesimama. Kampuni ya Royal Caribbean, mwenye meli ya Oasis, na Mamlaka ya Bandari ya Jamaika walipojenga gati jipya lililofunguliwa mwaka 2011, matumaini yalikuwa kwamba mitaa hiyo ya kale ingefufuka. Mji wenyewe una watu wasiofika 10,000. Siku meli moja ya daraja la Oasis inapofunga, waliomo melini wanakaribia idadi ya wenyeji wote.

Ukisimama kwenye lango la bandari hiyo utaelewa tatizo lilipo. Ndani ya uzio kuna maduka, migahawa na mabasi. Mji uko nje. Abiria wengi hupanda mabasi wakiwa bado ndani, safari zao zimelipiwa tangu melini, wakapelekwa kwenye maporomoko ya Dunn's River karibu na Ocho Rios au kwenye fukwe za Montego Bay. Mchuuzi wa Falmouth huwaona kupitia kioo cha basi.

Kuna mfano mmoja unaoeleza hali hiyo kuliko takwimu. Karibu na mji, pale mto Martha Brae unapokutana na bahari, kuna ghuba ambayo maji yake huwaka gizani. Viumbe wadogo wasioonekana kwa macho hutoa mwanga wa samawati maji yakitikiswa; ukitia mkono, kila kidole huzungukwa na mwanga, na samaki akipita huacha mstari unaong'aa nyuma yake. Ni miongoni mwa mambo adimu kabisa ambayo mji mdogo unaweza kumwonyesha mgeni. Lakini mwanga huo huonekana usiku, na meli kwa kawaida huwa imeng'oa nanga jioni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Falmouth ilijengewa gati kubwa ili mgeni aje, lakini ratiba, ambayo ndiyo ingewaponya wenyeji, ilibaki mikononi mwa mgeni.

4. Waliokataa kuinama

Venice ilichelewa kupata jibu. Baada ya Costa Concordia kugonga mwamba katika kisiwa cha Giglio Januari 13, 2012, na watu 32 kupoteza maisha, serikali ya Italia ilitangaza kuziondoa meli zenye tani zaidi ya 40,000 mbele ya uwanja wa San Marco. Amri hiyo iliwekewa sharti la kusubiri njia mbadala, na njia mbadala haikuwapo. Juni 2, 2019, meli ya MSC Opera ilipoteza udhibiti katika mfereji wa Giudecca ikagonga gati na boti ya watalii, na watu wakajeruhiwa. Marufuku ya kweli ilianza Agosti 1, 2021, ikihusisha meli zenye tani zaidi ya 25,000, au urefu zaidi ya mita 180, au kimo zaidi ya mita 35. Kati ya kutamka na kutekeleza ilipita karibu miaka kumi, na chanzo cha ucheleweshaji huo ni kwamba mji ulizizoea meli kwanza, ndipo ukaanza kutafuta mipaka.

Juneau, mji mkuu wa Alaska wenye watu zaidi kidogo ya 30,000, ulichagua mazungumzo. Uliafikiana na kampuni kwamba kuanzia mwaka 2024 meli kubwa zisizidi tano kwa siku, kisha ukaongeza kikomo cha vitanda vya abiria 16,000 kwa siku, na 12,000 siku za Jumamosi, kuanzia 2026. Kampuni zilikubali kwa sababu abiria anayelipia kuona barafu za Alaska hawezi kupewa kisiwa kingine badala yake. Wapiga kura walipoulizwa Oktoba 2024 kama Jumamosi ziwe bila meli kubwa kabisa, walikataa. Kwa hiyo Juneau haiwachukii wageni. Imetaka tu kuwa na kauli juu ya idadi yao.

Tofauti na hao, wakazi wa Key West, Florida, walipiga kura Novemba 2020 kuweka kikomo cha ukubwa wa meli na idadi ya abiria. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo ilipitisha sheria iliyoifuta kura yao. Nia ya wenyeji bila nguvu ya kisheria ni sauti pwani: mawimbi huimeza.

5. Hoja kinzani

Yapo mambo mawili ambayo mtetezi wa meli kubwa atayasema, na yana uzito. La kwanza ni kwamba meli moja kubwa ni afadhali kuliko ndogo nne zinazobeba idadi ileile, kwa mafuta na kwa nafasi ya gati. Hoja hii ina ukweli ikitazamwa kutoka baharini. Ikitazamwa kutoka mjini haina nguvu, kwa sababu mtaa hauhesabu watu wa mwaka mzima. Huhesabu watu wa saa nne asubuhi. Meli nne zikija siku nne tofauti, mpishi, dereva na mwongoza watalii wana kazi siku nne. Meli moja huwapa siku moja ya msongamano na siku tatu za kukaa.

La pili ni tishio lililozoeleka: mkituwekea masharti, tutakwenda kwa jirani. Hili si la kupuuzwa. Meli zilizoondolewa katikati ya Venice zilihamia Marghera, Ravenna, Trieste na Monfalcone. Katika Karibiani, jitihada za miaka ya 1990 za kuwa na ada ya pamoja ya abiria hazikushika, kwa kuwa visiwa ni vingi na wanunuzi ni wachache: makundi manne, yaani Carnival, Royal Caribbean, Norwegian na MSC, yanamiliki sehemu kubwa ya biashara hii duniani. Lakini hoja hiyo haiwataki wenyeji wanyamaze. Inawataka wazungumze kwa pamoja.

6. Pwani yetu na hitimisho

Meli za daraja la Oasis bado hazina safari katika pwani ya Afrika Mashariki. Zinazotutembelea ni ndogo zaidi. Hata hivyo Mombasa imekwisha kujenga jengo la abiria wa meli za kitalii kwenye gati namba 1, na bandari ya Malindi, Unguja, iko ubavuni mwa Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kilindini, kama jina lake linavyosema, ina kilindi. Maji tunayo. Swali ni kama tuna masharti.

Tuna nguvu ambayo Falmouth haikuwa nayo na Juneau inayo. Anayekuja Unguja haji kwa ajili ya mchanga mweupe anaoweza kuupata popote. Anakuja kwa ajili ya Mji Mkongwe, na Mji Mkongwe hauhamishiki. Aidha, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam ziko kwenye mwambao mmoja, na kampuni inayopanga safari ya mwambao huu inazihitaji zaidi ya moja. Mamlaka za bandari hizo zikikubaliana kikomo kimoja cha abiria kwa siku, ada moja ya kichwa, na saa za chini ambazo meli itakaa ili abiria waone jioni ya mji, hakutakuwa na jirani wa kukimbilia.

Wakati wa kufanya hivyo ni sasa, kabla gati la majitu halijaombwa. Historia ya uundaji meli inathibitisha kuwa mipaka iliyotangazwa mapema huheshimiwa. Kwa miongo mingi meli za kitalii ziliundwa kwa upana wa mita 32 hivi, kwa sababu makufuli ya zamani ya Mfereji wa Panama hayakuruhusu zaidi. Hakuna aliyeulaumu mfereji kwa kuzuia maendeleo. Wasanifu waliuchukua upana huo wakauchora. Daraja la Storebælt nalo halikugombana na mtu. Lilikuwa limesimama tayari, kimo chake kinajulikana, na karakana ya Turku ikatengeneza bomba la moshi linaloshuka.

Pwani inayotaka kuheshimiwa na meli za kesho haina budi kuandika kimo chake leo, ili mchoraji aliye mbali akikaa mezani akute mita zetu zimeshahesabiwa.