Orijino, feki na Ikarus ya waya

Juzi nilipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kutafuta zawadi ya mpwa wangu aliyetimiza miaka sita. Machinga mmoja akanifungulia boksi lenye roboti jekundu na bluu. Akakunja miguu, akarudisha mikono, akazamisha kichwa kifuani, na ghafla mkononi mwake pakawa na lori.

"Braza, hii orijino kabisa," akaniambia.

Kwenye boksi kulikuwa na neno moja la Kiingereza kwa herufi kubwa: Deformation. Nadhani walitaka kusema "kugeuka umbo", ila walichoandika ni "kuharibika umbo". Nikacheka, nikalipa, nikaondoka. Lakini njia nzima mpaka Mbagala, nimening'inia kwenye daladala, lile neno la machinga halikunitoka. Orijino ya nani?

Wengi wetu maroboti haya tunayajua kwa jina la Transformers na tunadhani yalizaliwa Marekani. Sivyo. Yalizaliwa Japani, kwenye kampuni ya vichezeo ya Takara. Mwaka 1980 Takara walianzisha vichezeo vilivyoitwa Diaclone, na miaka miwili baadaye wakaongeza magari yanayogeuka kuwa maroboti, yenye dereva mdogo wa kukaa ndani. Mwaka 1983 wakatoa familia nyingine, Micro Change, ambayo maroboti yake yalijificha kwenye vitu vya kawaida: redio ya kaseti, bastola, kamera, hadubini. Hapakuwa na Optimus Prime wala Megatron. Lile lori jekundu tunalolijua wote liliuzwa Japani mwaka huo likiitwa Battle Convoy.

Kampuni ya Hasbro ya Marekani ikaja, ikanunua haki, ikachanganya familia zote mbili na kuzipa jina moja. Kazi ya kutunga majina na tabia za maroboti mengi ikafanywa na Bob Budiansky, mhariri wa vitabu vya katuni vya Marvel. Mwaka 1984 vikaingia sokoni pamoja na katuni ya televisheni. Kwa hiyo hiyo "orijino" yenyewe ilikuwa mali ya mtu mwingine iliyopewa jina jipya na hadithi mpya.

Ndiyo maana vichezeo vile vya mwanzo vina kituko kimoja. Gari lilikuwa gari lililopunguzwa, lakini bastola ilikuwa karibu saizi ya bastola. Megatron, mkubwa wa maadui, alikuwa akigeuka kuwa Walther P38 ya kushika mkononi. Soundwave alikuwa redio ndogo ya kaseti, na kaseti zake nazo zikigeuka kuwa ndege na wanyama. Ukiyapanga mezani hayaoani hata kidogo, na watoto hawakujali.

Wakusanyaji wa leo wanavitaka vya miaka hiyo kwa sababu nyingi. Baadhi vilikuwa na vipande vya chuma halisi na matairi ya mpira. Stika unabandika mwenyewe. Nyuma ya boksi kuna kadi ya uwezo wa roboti, nguvu zake, mbio zake, akili yake, iliyochapwa kwa namna ambayo huwezi kuisoma bila kipande cha plastiki nyekundu. Halafu mwaka 1985 ikaongezwa stika ya joto. Ukiisugua kwa kidole, inajitokeza sura inayokuonesha roboti yuko kambi gani. Haikuwekwa kwa ajili ya mchezo tu. Soko lilikuwa limejaa maroboti ya kampuni nyingine, na stika ile ndiyo ilikuwa uthibitisho kwamba hiki ni chenyewe. Hofu ya feki ni ya zamani karibu sawa na kichezeo chenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka huo wa 1984 sisi tulikuwa wapi?

Tulikuwa tunatoka kwenye vita vya Kagera na kwenye foleni za sabuni, sukari na unga. Mwaka 1983 palikuwa na msako wa wahujumu uchumi, na kukutwa na bidhaa dukani au uvunguni kungeweza kukupeleka kizuizini. Aprili 12, 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine akafariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Katikati ya mwaka, bajeti ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa amezipata wapi. Mlango ukafunguka kidogo, na baadaye Mzee Mwinyi akaja kuufungua zaidi mpaka watu wakambatiza "Mzee Ruksa".

Ila mtoto wa Temeke hakuliona roboti. Kilichokuwa kinaliuza ni katuni, na Tanzania Bara ilikuwa haina televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, sisi tulisubiri mpaka mwaka 1994, ITV na wenzake walipoanza kurusha matangazo.

Basi watoto walicheza nini? Nilimuuliza baba yangu mdogo, aliyekulia Tandika. Akanijibu kama mtu aliyesubiri swali hilo miaka arobaini. Walitengeneza magari. Bodi ni waya, au kopo la mafuta ya kula lililokatwa. Magurudumu ni ndala zilizokwisha, zinakatwa duara kwa wembe. Usukani ni waya mrefu unaofika kiunoni, ili ukimbie nalo umesimama wima. Na mfalme wa magari yote alikuwa Ikarus kumbakumba, lile basi refu la UDA linalokunjika katikati. Kutengeneza Ikarus halikuwa jambo la kila mtu. Pale katikati ulitakiwa kufunga tyubu ya baiskeli kwa namna ambayo basi litakata kona bila mkia kupinduka. Aliyeweza aliheshimika mtaa mzima.

Hapo nikamkatisha. Baba mdogo, hicho ndicho hasa! Siri yote ya roboti linalogeuka ni kiungo, kwamba vipande viwili vishikane na bado vicheze. Kijana wa Tokyo alilipwa mshahara kulifikiria hilo. Kijana wa Tandika alilifikiria kwa njaa ya mchana, na malipo yake yalikuwa kukimbia na Ikarus mpaka Mtoni na kurudi.

Mimi nilikuja baadaye. Filamu ya kwanza ya Michael Bay ilitoka mwaka 2007, nami niliiona kwenye kibanda umiza, nimekaa kwenye benchi, goti la mtu mgongoni mwangu. Idd iliyofuata nikanunuliwa roboti. Feki, bila shaka. Siku ya pili mkono ukakatika. Nililia mpaka kaka yangu akachoka kunisikia. Akachoma msumari kwenye jiko la mkaa, akatoboa bega, akapitisha waya wa shaba na kuusokota. Mkono ukarudi, na safari hii ukawa unazunguka mzima mzima, jambo ambalo mwanzo haukuweza. Leo kaka ni fundi simu Mwananyamala.

Sitetei feki. Tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, na Tume ya Ushindani haikosei inapokamata mizigo ya bandia. Plastiki mbovu na rangi isiyojulikana mdomoni mwa mtoto si jambo la kuchekea. Ninachosema ni kwamba kuna wanaojua kila skrubu ya roboti la mwaka 1984, kiwanda, rangi na hata kosa la uchapaji kwenye boksi. Boksi ambalo halijafunguliwa lina bei ya juu kuliko lililochezewa. Ikarus ya waya haikuwa na boksi. Ilichezewa mpaka ikaisha, waya ukarudi kuwa waya, na aliyeitengeneza hakuandikwa popote.

Hao watengenezaji bado wapo. Wana miaka hamsini, sitini, wamekaa barazani Temeke, Magomeni na Manzese. Mwandishi wa habari kama mimi nimewahi kuwahoji kuhusu maji, bomoabomoa na uchaguzi, lakini hadi wiki hii sikuwahi kumuuliza hata mmoja alifungaje ile tyubu.

Roboti la mpwa wangu lilikatika mguu jana. Sijampelekea kaka. Nimelibeba kesho Tandika kwa baba mdogo, pamoja na waya na mtoto mwenyewe. Na wewe msomaji, baba yako alitengeneza gari gani? Muulize leo.