Jeraha, ajali au kuumia?

Wataalamu wa afya ya jamii wana neno la Kiingereza, "injury", ambalo kwao lina maana iliyobanwa sana. Ni mwili kudhurika ghafla kwa kupokea nguvu isiyohimilika, iwe ya mwendo, ya moto, ya umeme au ya kemikali, au kwa kunyimwa ghafla kitu cha lazima kama hewa. Mtoto aliyegongwa na bodaboda akavunjika mguu yumo. Aliyemwagikiwa na uji yumo. Aliyekunywa mafuta ya taa akidhani ni maji yumo, na aliyezama ziwani yumo pia, ingawa ngozi yake haina hata mkwaruzo. Tunapolitia neno hili katika Kiswahili kwa haraka, wengi wetu huandika "ajali", wengine "jeraha". Maneno hayo hayabebi mzigo mmoja, na kuna mahali ambapo kulichagua moja badala ya jingine kunabadilisha kitakachofanyika baada ya mtoto kuzikwa.

Tuchukue Buseresere. Ni mji wa biashara wilayani Chato, mkoani Geita, kwenye barabara itokayo Geita kwenda Bwanga. Umeshikana na Katoro iliyo wilaya ya Geita, kiasi kwamba mgeni hupita kutoka wilaya moja hadi nyingine asijue. Ukanda mzima unaishi kwa dhahabu. Wachimbaji wadogo huingia kwenye maduara, yaani mashimo ya machimbo, mawe hupelekwa kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, unga wake huoshwa mialoni, na zebaki hutumika kuikamata dhahabu kabla ya kuchomwa ili dhahabu ibaki peke yake. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya Tanzania. Watafiti wake walikuwa wamefika maeneo 11 katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakazungumza na watu zaidi ya 200, wakiwemo watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi hizo. Lakini si lazima mtoto awe mchimbaji ndipo mgodi umdhuru. Duara lililoishiwa dhahabu huachwa wazi, mvua hulijaza, na anayekwenda kuchunga au kuteka maji hupita kando yake kila siku.

Akitumbukia, watu watasema ni ajali. Na msibani atapatikana mzee wa kuongeza: "Ajali haina kinga."

Neno "ajali" tumelipata kwa Waarabu. Kwao "ajal" ni muda uliopangwa, hasa ule wa mtu kuishi duniani, ukifika, umefika. Kiswahili kimelisogeza hadi likawa jina la tukio lenyewe, gari kupinduka au mtu kuanguka, lakini harufu ya kudra haijalitoka. Ndiyo maana msemo ule unakubalika bila ubishi. Na hapa sina ugomvi na waliofiwa. Mama aliyempoteza mwanawe ana haki ya neno linalompumzisha na maswali. Ugomvi wangu ni pale neno hilohilo linapoingia kwenye ripoti ya wilaya, kwa kuwa ripoti haikuandikwa kumfariji mtu.

Tazama jinsi neno "kinga" linavyotumika upande wa pili wa kituo cha afya. Surua ina kinga, pepopunda ina kinga, malaria ina chandarua. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016, watoto 38 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa mkoani Geita kwa kipimo cha haraka walikutwa na vimelea vya malaria. Mwaka 2017 walikuwa 17. Tunaweza kubishana kuhusu majira ya upimaji na mgawo wa vyandarua, lakini tunabishana tukiwa na namba mkononi, na hakuna mganga mkuu wa mkoa atakayesimama mkutanoni aseme malaria haina kinga. Basi kwa nini tunakubali kusema hivyo kuhusu shimo?

Swali hili lina umri wa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1949 Mmarekani John Gordon, mtaalamu wa epidemiolojia, aliandika kwamba matukio tuyaitayo ajali yanafuata kanuni zilezile za magonjwa ya kuambukiza: kuna anayepatwa, kuna kisababishi, na kuna mazingira yanayowakutanisha. Palibaki fumbo moja. Kisababishi cha malaria ni kimelea, je, cha kuvunjika mguu ni nini? Ni pikipiki? Ni ngazi? Mwaka 1961 mwanasaikolojia James Gibson akajibu kwamba ni nguvu, ile ya wanafizikia. Daktari William Haddon, aliyewekwa kuongoza idara ya usalama barabarani ya serikali ya Marekani mwaka 1966, akalifanya wazo hilo kuwa chombo cha kazi. Pikipiki ikawa kama mbu: inabeba tu kitu kinachodhuru. Mwaka 1970 Haddon aliorodhesha njia kumi za kuukata mnyororo, tangu kuzuia nguvu hiyo isikusanyike hadi kumtibu aliyekwisha kudhurika. Kwa duara la Buseresere orodha yake inasomeka bila mkalimani: usilichimbe karibu na njia, ulifukie ukimaliza, ulizungushie uzio, uweke kamba ya kutokea, uhakikishe kuna mtu wa kuitwa na gari la kumfikisha aliyeumia hospitali. Kumwambia mtoto "uwe mwangalifu" ni njia dhaifu kuliko hizo zote, nayo ndiyo tunayoitumia zaidi.

Baada ya hapo wanasayansi walianza kulikimbia neno lao la "ajali". Jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilitangaza mwaka 2001 kwamba haliliruhusu tena katika makala zake. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipotoa ripoti yao kubwa kuhusu watoto, ambamo walikadiria kwamba zaidi ya watoto 830,000 walikuwa wakifa kila mwaka kwa majeraha yasiyokusudiwa, "yasiyokusudiwa" hayo yalielezwa pia kuwa yanazuilika.

Tuhamie basi kwenye "jeraha". Nalo ni la Kiarabu asili yake, na limetuzalia "majeruhi", ambalo magazeti hulipenda. Shida yake ni kwamba mtu wa kawaida akisikia jeraha anaona kidonda, mahali palipochanika pakavuja damu. Mhojaji akienda nyumba kwa nyumba na dodoso lake akauliza, "Je, mtoto wako amepata jeraha mwaka huu?" mama wa mtoto aliyekunywa mafuta ya taa atajibu hapana, na hatakuwa amedanganya. Mtoto wa jirani aliyetolewa bwawani akazinduka naye hatahesabiwa. Istilahi ikiwa sahihi kamusini lakini mlangoni inapoteza watu, hesabu yote inapinda.

Kwa mlangoni tunalo neno tayari, nalo ni la kwetu: kuumia. "Ameumia" humpokea aliyevunjika, aliyeungua na aliyeteguka, na kwa aliyekula sumu au kuzama unaongeza swali lake peke yake. Anayependa lugha atagundua kitu kingine. Kuumia na kuumwa ni matawi ya kitenzi kimoja, -uma. Wa malaria anaumwa, wa shimoni ameumia, na mbu ameuma. Gordon alihitaji makala nzima kuyaweka magonjwa na majeraha katika ukoo mmoja.

Uhusiano huo si wa maneno tu. Mwaka 2011 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, inayopokea wagonjwa wa rufaa wa Kanda ya Ziwa nzima, walichapisha utafiti wa watoto 342 walioungua. Zaidi ya nusu walikuwa wameunguzwa na vitu vya majimaji vilivyochemka, na karibu tisa katika kila kumi walifikishwa hospitali saa 24 zikiwa zimekwisha kupita. Kidonda cha moto kilichokaa siku nzima ni mlango wazi kwa vijidudu, hivyo jeraha linageuka kuwa maambukizi. Wachache katika watoto hao walikuwa wameunguzwa kwa kusudi. Hao "ajali" isingewaona kamwe, ilhali "jeraha" linawaona, kwa sababu haliulizi kwanza nia ya mtu.

Sasa daftarini. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la kumi, iliyatenga mambo haya katika sura mbili. Moja inataja mwili umepatwa na nini: mfupa wa paja umevunjika. Nyingine inataja kilichosababisha, na humo mna alama W17, ya kuanguka kutoka usawa mmoja hadi mwingine, inayojumuisha kutumbukia shimoni, kisimani au kwenye mgodi. Kwenye daftari la wagonjwa wa nje la MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, tunaandika zaidi ule upande wa mwili. Mfupa unapata mstari wake, shimo halipati. Na kwa kuwa Buseresere na Katoro ziko katika wilaya mbili, mtoto anaweza kuumia upande mmoja akatibiwa upande mwingine, na shimo likakosa pa kuandikwa pande zote mbili.

Kuna mpaka wa istilahi hii usiofaa kufichwa. Mvuke wa zebaki anaouvuta mtoto jikoni kwao, baba anapochoma dhahabu, humdhuru polepole, miezi na miaka, ukienda kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Hilo wataalamu hawaliiti jeraha kwa kuwa halina ghafla ndani yake. Liko upande wa sumu na maradhi, na lina mkataba wake wa kimataifa, wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Neno la Kiswahili "dhara" lingebeba yote mawili, la ghafla na la polepole, na kuna watu wanaolipendekeza. Binafsi naliona pana mno: dawa nayo ina madhara, sera nayo ina madhara.

Kwa hiyo ningeandika "majeraha" katika kichwa cha jedwali, na maelezo ya mstari mmoja kwamba yanajumuisha kuzama, kuungua na sumu ya ghafla. Ningeuliza "ameumia?" nyumbani kwa watu. "Ajali" ningewaachia trafiki na waombolezaji. Na pale kwenye sababu, ningetaka karani aandike kwa maneno ya kawaida kabisa, "ametumbukia kwenye duara lililoachwa wazi", pamoja na jina la kitongoji, kwa sababu kisheria duara huchimbwa kwa leseni, na leseni ina mwenyewe.